Kurasa 143 za notsi, alama 7 kwenye test

Niseme mapema mimi sio mtu wa kuchukia laptopu, hii ninayochapia hapa ndo ile ile ya chuo, imeshabadilishwa betri mara mbili na herufi ya M inagoma mpaka uibonyeze kwa hasira. Ila kuna kitu ilinifanyia mwaka wa kwanza pale Mbeya ambacho sijawahi kukisimulia vizuri, na sahivi mdogo wangu amepata chuo Iringa, swali lake la kwanza halikuwa hosteli wala bumu (pesa ya mkopo wa chuo), alinipigia simu usiku akaniuliza "kaka, hivi laptopu ni lazima?" Nikajikuta naongea nae mpaka salio likakata, nikaona bora niandike.

Kwetu ni Isongole, ukitoka Mbeya mjini kama unaelekea Tukuyu, ni viazi na ukungu, basi. Mama aliuza viazi msimu mzima, akaongezea na kitu kidogo kutoka kwenye kikoba chao, tukashuka wote Mwanjelwa tukanunua laptopu ya mtumba kwa 380,000. Muuzaji alituapia kwamba betri inakaa masaa manne. Ilikaa dakika 50, na hapo umepunguza mwanga mpaka unaona sura yako kwenye kioo kuliko unavyoona maandishi. Lakini siku ile nani angejua, mama aliibeba mwenyewe kwenye kosta, kaiviringisha kwenye kitenge kaiweka mapajani, konda akamuuliza "mama huyo mtoto mbona halii?" Gari zima likacheka na mama nae akacheka, ila mkono hakuutoa juu ya kile kitenge mpaka tunashuka.

Kwahiyo unaweza kuelewa nilivyoingia nayo darasani. Ile ilikuwa ni viazi vya watu, isingewezekana niiache gheto.

Sasa kabla sijailaumu laptopu kuna kitu inabidi nikiri. Ukisoma shule zetu za kata unajua notsi zinavyopatikana, mwalimu anaandika ubao mzima, nyie mnakopi, anafuta upande wa kushoto, aliyechelewa anapiga kelele "bado mwalimu!", anaandika tena. Siku nyingine mwalimu haji kabisa, anampa daftari lake mwenye mwandiko mzuri ndo awaandikie ubaoni. Miaka sita hiyo, kidato cha kwanza mpaka cha sita. Mimi nimefika chuo kichwani mwangu notsi maana yake ni kukopi, na mwanafunzi mzuri ni yule asiyepitwa na sentensi. Laptopu haikunifundisha ujinga huo, ilinikuta nao ikaupa spidi.

Na spidi nilikuwa nayo aisee. Mwezi wa kwanza nilikuwa nadonoa kwa vidole viwili kama kuku, kufika Januari nilikuwa nachapa bila kuangalia kibodi, lekchara anasema nami nachapa, anakohoa nakaribia kuchapa na kikohozi. Somo letu gumu lilikuwa ekonomia ya mwanzo, mihadhara ni Kiingereza kitupu, na mimi Kiingereza changu ni cha kuombea maji tu, lakini haikunisumbua kwa sababu sikuwa nasikiliza, nilikuwa napokea. Maneno yanaingia sikioni yanatokea vidoleni, katikati hapo hayakupita popote. Jioni nikifungua faili naona kurasa zimeongezeka najisikia nimesoma. Zilifika 143 kwa somo moja, na jamaa zangu wa diskasheni walikuwa wananiomba niwawekee kwenye flashi, nikawa maarufu kabisa, "muulizeni yule wa Isongole, yule anazo zote".

Ikaja test. Swali lenye alama nyingi lilikuwa hivi, naliweka kwa Kiswahili: mkulima kavuna mazao mengi kuliko mwaka jana, ila pesa aliyopata ni ndogo kuliko ya mwaka jana, eleza imekuwaje. Nikaandika maana ya elastisiti, yani bei ikibadilika watu wanaongeza au kupunguza kununua kwa kiasi gani. Nikageuza maneno nikaiandika tena. Nikachora mchoro ambao mistari yake hata sikujua ipi ipande ipi ishuke. Nilipata 7 kati ya 20.

Yani mimi. Mtoto wa muuza viazi. Naulizwa kwanini viazi vikizidi pesa inapungua, nashindwa.

Nilirudi gheto nikafungua lile faili nikatafuta neno elastisiti, likaja mara 31. Maana ipo, fomula ipo, aina zake zote zipo, hakuna hata sehemu moja inayoelezea lile swali. Nikasema huyu lekchara katuonea, hajafundisha. Nikamfuata jamaa mmoja aliyepata 15, alikuwa hana laptopu, anatumia daftari la kawaida la kurasa 80 limekunjwa katikati anatembea nalo mfuko wa nyuma. Nikamwambia hili hatukufundishwa. Akanifungulia daftari. Kulikuwa na picha ya gunia, mbaya kweli, kama kiazi chenye masikio, pembeni kaandika: mwaka jana gunia 10 kwa 70,000 ni 700,000. Mwaka huu gunia 15 kwa 40,000 ni 600,000. Chini yake: watu hawali viazi mara mbili kisa vimeshuka bei.

Basi, ndo yote hiyo. Chakula watu wanakula kiasi kile kile karibu, bei ikishuka hawaongezi sana kununua, kwahiyo mzigo ukijaa sokoni bei inaporomoka kuliko mzigo ulivyoongezeka, na mkulima anabaki na gunia nyingi na pesa kidogo.

Nikamuuliza hii alisema lini? Akanikumbusha siku yenyewe, na hapa ndo nilipotaka kujipiga kofi. Lekchara alikuwa amefundisha dakika 40 kwa Kiingereza, akaona tumemtolea macho, akafunga kitabu akakaa kwenye kona ya meza akasema "sikilizeni niwaambie", akaanza kusimulia kwa Kiswahili habari za viazi. Naikumbuka vizuri sana ile siku kwa sababu ndo nilipata nafasi ya kupumzisha vidole. Nilivikunja nikavinyoosha, nikachungulia betri imebaki asilimia ngapi, nikajibu na meseji mbili. Kwangu mimi Kiswahili kilikuwa ni stori, mapumziko, somo litaendelea Kiingereza kikirudi. Kumbe somo lenyewe ndo lile, mengine yote yalikuwa ni makopo.

Ningependa kusema nilibadilika siku hiyo hiyo ila ningekuwa nadanganya, nilichofanya ni kuongeza bidii ya kuchapa, safari hii na stori pia. Kilichonibadilisha ni soketi.

Ukumbi wetu ulikuwa na soketi nne ukutani na moja ilishakufa. Watu walikuwa wanaamka saa 11 alfajiri, Mbeya ile, Juni, baridi inakung'ata mpaka meno, wanakuja kuweka begi karibu na ukuta halafu wanarudi kulala. Mwenye ekstensheni alikuwa mfalme, anachagua nani achomeke nani asichomeke. Ikafika kipindi umeme unakatika karibu kila siku mchana, na kipindi chetu ni saa 8 mpaka saa 10. Siku ya kwanza kompyuta ilizima katikati ya sentensi nikapoteza yote maana sikuwa nimeseva. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nikapita steshenari nikanunua kaunta buku na kalamu mbili.

Wiki mbili za kwanza niliteseka. Mkono umeshasahau kuandika, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na lekchara haningoji. Kiingereza chake kinaenda kama basi linashuka mlima Kitonga, nashika neno la kwanza na la mwisho. Kwa hasira tu nikaacha kukimbizana nae, nikawa namsubiri amalize wazo, halafu naandika nilichosikia mimi, na kwa kuwa sina muda wa kutunga Kiingereza naandika Kiswahili, tena kile cha nyumbani. Ameongea dakika tano kuhusu gharama za fursa, nimeandika: "ukipanda viazi shamba hilo, umeshasema hapana kwa mahindi. Hayo mahindi ndo gharama, japo hakuna aliyekudai." Mstari mmoja na nusu.

Hapo ndo kitu kikageuka. Ili niseme kile kitu kwa Kiswahili ilibidi kwanza nikielewe, huwezi kutafsiri kitu ambacho hujakishika, utabaki umeshika kalamu juu juu. Sehemu ambayo nilishindwa kuweka Kiswahili nikawa najua papo hapo kwamba hapa sijaelewa, naweka alama ya kuuliza pembeni, kipindi kikiisha namfuata "Dokta samahani, hapa". Kwenye laptopu sikuwahi kujua nisichokijua mpaka siku ya mtihani. Kila kitu kilikuwa kimekaa pale kimeandikwa vizuri, fonti 12, kinanitazama.

Somo lile nilimaliza na B. Msije mkafikiri ni A, ile 7 ilikuwa kwenye kosiweki, zile alama za kabla ya mtihani wa mwisho, inanivuta mguu mpaka mwisho. Ila sikupata sapu, ule mtihani wa kurudia, na nilipoingia chumba cha mtihani nilikuwa naona gunia, sioni kurasa.

Baadaye sana, mwaka wa tatu, natafuta vitu vya risechi yangu, nikakutana na watu ambao kazi yao ni kupima haya mambo. Mwaka 2014 huko Marekani Pam Mueller na Daniel Oppenheimer waliwawekea wanafunzi mihadhara ya video, wengine wakaandika kwa laptopu ambazo hazina intaneti, wengine kwa kalamu. Maswali ya kukumbuka vitu, hawakutofautiana sana. Maswali ya kuelewa, wa laptopu wakabaki nyuma, na wao ndo walioandika maneno mengi zaidi, mengi yakiwa neno kwa neno vile vile yalivyosemwa. Kilichonichekesha ni kwamba kuna awamu waliwaonya kabisa wenye laptopu, msikopi neno kwa neno, andikeni kwa maneno yenu. Wakakopi tu. Nikajiona mimi pale na stori ya viazi.

Ila sasa, na hii watu huwa hawaisemi wanaposhea hizi habari kwenye magrupu ya wasapu, mwaka 2021 Heather Urry wa Chuo Kikuu cha Tufts na wenzake walirudia jaribio lile, na wenye laptopu waliandika maneno mengi na kukopi vile vile, lakini kwenye alama za maswali hakukuonekana tofauti. Kwahiyo mtu akija na kifua mbele kukwambia sayansi imeshamaliza mjadala mwambie akae chini anywe maji. Mimi ninachojua ni changu tu: kalamu haina uchawi, ilichonifanyia ni kunichelewesha, na kule kuchelewa ndo kukanilazimisha kuchagua. Kama wewe unaweza kuchelewa ukiwa na kibodi basi hongera, mimi nilishindwa.

Kuna utafiti mwingine ambao huo sina ubishi nao maana niliuishi. Faria Sana na wenzake, Kanada, mwaka 2013. Walipima wanafunzi wanaofanya mambo mengine kwenye laptopu katikati ya kipindi, wakapata alama pungufu kwa asilimia 11, hilo halishangazi. Ila wakapima pia wale ambao hawafanyi kosa lolote, wamekaa tu mahali wanapoona skrini ya mwenzao, hao wakapungukiwa asilimia 17. Mtenda anaumia kidogo, jirani anaumia zaidi! Darasani kwetu kulikuwa na mshikaji mmoja mstari wa tatu, mtu wa mikeka huyo, yani wa kubeti mechi, kipindi cha Jumamosi anafungua matokeo laivu. Mistari mitatu nyuma yake yote ilikuwa inajua timu gani imefunga. Siku moja tumekaa kimya lekchara anaelezea soko la mlaji, ghafla watu kama kumi na tano wakaguna kwa pamoja "aaaah", lekchara akafikiri tumeguswa na somo, akarudia ile pointi mara ya pili kwa furaha. Mkeka ulikuwa umechanika dakika ya 90.

Sasa hapo ndo mtu atasema basi laptopu zipigwe marufuku darasani. Tulipata lekchara mmoja wa hivyo, mwaka wa pili, aliingia akasema simu na laptopu chini ya dawati na hakutaka majadiliano. Wengi tulifurahi, mimi nilipiga hadi makofi. Halafu nikamwona rafiki yangu mmoja, ana uoni hafifu, yeye laptopu yake anakuza maandishi mpaka neno moja linajaza skrini, ndo anavyosoma. Akaifunga kama wengine wote. Kipindi kizima alikaa ameangalia mbele mikono mezani. Kutoka nje nikamwambia si ungemwambia? Akasema "nimwambie mbele ya watu 200?" Wiki iliyofuata alienda kumwona ofisini akaruhusiwa, sawa, lakini toka siku hiyo yeye ndo alikuwa peke yake na laptopu ukumbi mzima, kila anayeingia anamtazama, anataka kujua huyu ana nini. Makofi yangu yale huwa nayakumbuka vibaya.

Na laptopu ukiitoa watu wanahamia kwenye simu, wanapiga picha slaidi. Kila slaidi ikibadilika mikono inanyanyuka kama misa ya mavuno. Muulize mtu yeyote anayepiga picha slaidi mara ya mwisho kuzifungua ni lini, mimi zangu zilikuwa zimekaa kati ya picha za harusi ya binamu na skrinishoti za miamala, nilikuja kuzifuta simu ilipojaa.

Kwahiyo mdogo wangu nilimwambia hivi, bila mpangilio: laptopu utahitaji, huwezi kuandika ripoti ya mafunzo kwa vitendo kwa mkono, na asaimenti zinatumwa mtandaoni, ila sio lazima iwe ya mwezi wa kwanza, jichange taratibu. Usikae nyuma ya mtu wa mikeka. Madesa, yani notsi za kurithiana, ya kaka zako wa mwaka wa pili soma, ila ukishayasoma yafunge uandike tena wewe. Kwenye kaunta buku chora mstari wima, mimi nilikuwa natumia ukingo wa kitambulisho cha chuo, upande wa kulia andika kipindi, kushoto acha padogo pa maswali. Huo mtindo sio wangu, ni wa Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, miaka mingi tu, mimi kitu nilichoongeza ni Kiswahili. Lekchara akifunga kitabu akaanza kupiga stori, hapo ndo ushike kalamu. Akaniuliza "na mtihani je, si ni Kiingereza?" Swali zuri, na ni kweli hapo kuna kazi, mimi usiku nilikuwa nakaa kwenye kimbweta, zile meza za kusomea za nje pale chuo, naigeuza ile mistari yangu kurudi Kiingereza, mdogo mdogo, na huko kugeuza ndo ilikuwa rivisheni yenyewe. Inachosha, sikatai. Mtu uliyesomea Kiingereza toka chekechea labda huhitaji haya yote.

Nilipomaliza chuo nilirudi Isongole na begi la nguo na kaunta buku sita. Mama ni wa darasa la saba, vitabu vyangu hajawahi kuvigusa, alikuwa anavipangusa vumbi tu. Jioni moja tumekaa jikoni tunaota moto akachukua moja akaanza kupekua, mara nikaona amekaa kimya anasoma, kidole kinatembea juu ya mstari. Alifika pale kwenye gunia 10 na gunia 15, nilikuwa nimeikopi toka kwa yule jamaa na picha yake mbaya ile.

"Baba, hii si ndo ule mwaka tuliomwaga viazi korongoni?"

Nikamwambia ndo hiyo mama.

"Yani nimeuza viazi ukaenda kufundishwa viazi." Akacheka mpaka akajifuta machozi na khanga. Halafu akarudi kwenye ukurasa, akakunja uso. "Ila hapa wamekudanganya. Gunia gani hili? Hawajaandika lumbesa. Mnunuzi anashindilia, anashonea na kilemba juu, anabeba gunia na nusu anakulipa gunia. Hizo hesabu zako haziwezi kuja sawa."

Nikamwambia lekchara hakusema. Akasema basi andika. Nikaandika pale kushoto, sehemu ya maswali, nafasi ilikuwa imebaki.

Lile buku hakunirudishia. Nyuma kulikuwa na kurasa nyingi nyeupe, sahivi ndo anaandikia wanaomdai na anaowadai wa viazi, na mstari wa wima amechora mwenyewe, kwa ukingo wa kadi ya kliniki.